Diazepamu na fenobabitoni hazikai mahali pamoja

Mtoto akifikishwa zahanati degedege haijaachia, dawa inayokimbiliwa mara nyingi ni diazepamu. Mgonjwa wa kifafa, hasa huku wilayani, huenda akaishi miaka kwa vidonge vya fenobabitoni, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1912. Hizi mbili ni za kwetu kabisa. Hata hivyo bado nawasikia wanafunzi wa famasia wakizieleza zote kwa maneno yale yale: "zinatuliza ubongo." Mimi naona huko ni kuwapunja.

Ni kweli zote zinafanya kazi kwenye protini moja, kipokezi cha GABA aina ya A, kilichopachikwa kwenye utando wa seli za neva. GABA ni kemikali ya ubongo wenyewe inayotuliza seli hizo. Kipokezi kina vipande vitano, vya aina kama alfa, beta na gama, vilivyojipanga duara, katikati pana tundu. GABA ikishika, tundu hufunguka, ioni za kloridi hupita, na seli hupunguza kurusha ishara. Kilichokosekana kwa miongo mingi ni kuona dawa yenyewe imekaa wapi.

Mwaka 2014, Paul Miller na Radu Aricescu wa Oxford walitoa umbo la kipokezi cha binadamu chenye vipande vya beta-3 peke yake. Lakini aina iliyoenea zaidi ubongoni ina alfa mbili, beta mbili na gama moja, na hiyo ilisubiri ufundi wa kugandisha protini ghafla na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni, ufundi uliopewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2017. Maabara ya Ryan Hibbs huko Dallas ikatoa umbo hilo mwaka 2018. Kundi la Aricescu, sasa likiwa Cambridge, likaonyesha diazepamu mwaka 2019. Mwaka uliofuata Hibbs na wenzake wakaweka diazepamu na fenobabitoni kwenye kipokezi kile kile, na hapo ndipo penye utamu.

Diazepamu hukaa juu, upande wa nje wa seli, kwenye mpaka wa alfa na gama. GABA ina makao yake mengine, mipakani mwa beta na alfa. Fenobabitoni haimo huko juu. Imejichimbia chini, ndani ya utando, katika ujirani wa dawa za nusu kaputi kama propofoli. (Diazepamu nyingi nayo ilionekana ikishuka huko, jambo linalostahili makala yake.)

Mgonjwa anahusika vipi? Diazepamu, ikiwa mahali pake pa kawaida, huisaidia GABA kufungua tundu mara nyingi zaidi. GABA isipokuwepo, haina la kufanya. Fenobabitoni huliacha tundu wazi kwa muda mrefu zaidi, na dozi ikizidi hulifungua bila GABA. Ndiyo maana iliyozidi huzima pumzi kwa urahisi kuliko diazepamu peke yake, na ndiyo maana mtoto aliyepewa zote mbili haachwi bila mtu wa kuangalia anavyopumua. Flumazenili, dawa ya kuzima kazi ya diazepamu, huiondoa kwa kuingia katika makao yale yale ya juu. Kwa aliyemeza fenobabitoni nyingi, haifiki panapohusika.

Nimeambiwa kwamba haya ni anasa wakati dawa zenyewe zinaisha stoo. Sikubali. Mhudumu aliye peke yake usiku na mtoto anayetetemeka ndiye anayehitaji zaidi kuelewa sababu, kwa kuwa hana wa kumuuliza. Na maumbo haya hayauzwi: yamo katika Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, bure, na simu yenye bando kidogo inayafungua. Namba ya kutafutia diazepamu ni 6X3X, ya fenobabitoni ni 6X3W. Walimu wa famasia na uuguzi, wekeni picha hizo mbili ubaoni kabla ya kutaja dozi, kisha mtihani uulize kwa nini flumazenili inamwamsha mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine.