Niliitwa Kula, Nikatwikwa Kamati

Shemeji yangu aliniambia hivi: "Njoo Jumatano saa saba mchana, utakula." Hakuongeza neno. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, niliposikia "utakula" nikaacha kusikiliza. Isitoshe, shemeji hakataliwi. Huu mwaka wa tatu bado nailipia sahani ile.

Klabu yenyewe siitaji jina. Kuitaja bila idhini ya kamati ya uhusiano ni faini, na faini nilizonazo zinanitosha. Ni zile klabu za kuhudumia jamii, za watu wenye beji kwenye kola ya koti, wanaokutana kila wiki kula na kupanga mambo mema. Kula kunachukua saa nzima. Mambo mema yanapangwa dakika tatu za mwisho, watu wameshasimama, funguo za gari mkononi.

Kwanza inapigwa kengele. Anayeipiga ni Rais. Rais wetu anatawala watu ishirini na sita, na sita kati yao huwa wametuma udhuru, lakini mkufu anaouvaa shingoni ungetosha kumfunga ng'ombe. Anakaa madarakani mwaka mmoja tu, akishuka anapanda mwingine, na kila anayepanda anakuja na kaulimbiu mpya na kamati mpya. Kamati za zamani hazifi. Tumefikisha kamati kumi na moja. Watu ishirini na sita! Ndiyo maana ukisema jambo lolote, hata ukisema feni haizunguki, unamkuta mwenyekiti wa jambo hilo kakaa pembeni yako na amekasirika.

Halafu tunaimba. Njaa inauma, chakula unakiona kule kimefunikwa, nawe unaimba. Nilikuwa najiuliza nani alituletea balaa hili, mpaka siku moja alipokuja mgeni kutoa mada ya asili ya klabu hizi. Akasema Rotary ya kwanza ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne tu ofisini: Paul Harris mwanasheria, na wenzake, mmoja mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mmoja mhandisi wa migodi, mmoja mshona nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na jina likatokana na huko kuzunguka. Mpaka hapo sina ugomvi nao. Sasa akaingia mtu wa tano, Harry Ruggles, mwenye kiwanda cha uchapaji, ndiye aliyeanzisha kuimba mikutanoni. Nilishusha uma. Miaka mitatu namtafuta mtu huyu! Mimi sauti yangu hata bafuni kwangu mama watoto ameipiga marufuku.

Tukimaliza kuimba anasimama Sajenti. Usidhani ni askari. Ni mtu mpole, muuza vifaa vya ofisi, ana wajukuu. Lakini mkabidhi kile kikopo cha faini uone. Umechelewa, faini. Simu imelia, faini. Umesahau beji, faini. Picha yako imetoka gazetini, faini kwa kujitangaza. Wiki ile nilipokuja na viatu vipya nilivificha chini ya meza tangu mwanzo hadi mwisho, na Sajenti akapiga magoti, babu wa watu, akainua kitambaa cha meza akavitazama. Jirani yangu alikuwa amenichongea.

Ukiponea hapo kuna mchango wa furaha. Huu ni wa hiari, ndivyo wanavyosema. Unasimama, unataja jambo lililokufurahisha wiki hii, unatumbukiza noti. Mmoja binti yake kafaulu, mwingine kapona mgongo. Zamu yangu ikafika, nikasema nimefurahi kwamba nimebakiza nauli ya kurudi nyumbani. Watu wakacheka sana. Sajenti hakucheka. Alisema kama nimebakiza, basi ninayo.

Siku hiyo ndipo nilipokumbuka yale maswali manne. Wenzetu wa Rotary wana kipimo kilichoandikwa na Herbert Taylor mwaka 1932, alipokuwa anaikoa kampuni iliyokaribia kufilisika: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, kitajenga nia njema na urafiki bora? Je, kitawanufaisha wote? Mgeni wetu aliyaacha ubaoni. Nikayanakili kwenye karatasi ya kupangusia mikono, wiki iliyofuata nikamsomea Sajenti moja baada ya jingine. Kwamba nilichelewa, kweli. Haki, tukabishana. Urafiki, nikamwambia huo ndio unaokufa hivi ninavyokutazama. Tulipofika manufaa kwa wote, akanyanyua kikopo akakitikisa, meza nzima ikapiga makofi. Nikalipa. Na ile karatasi nikakuta nimejifutia mdomo.

Nisionekane mbaya, kazi zipo. Tatizo langu ni namna zinavyofanyika. Tulikwenda kupanda miti. Mche wa kwanza ulishikwa na watu kumi na wanne kwa ajili ya picha. Mimi nilifikia jani moja, nikalishika kwa vidole viwili, nikatabasamu. Mpiga picha akasema tena. Akasema tena, jua limemchoma. Aliposema sasa imetoka vizuri, lile jani nilikuwa nalo mkononi na mti ulikuwa kule. Miche mia moja na themanini iliyobaki ilipandwa na vijana watatu wa klabu ya shule ambao kwenye picha hawapo.

Siku ya macho ilikuwa tofauti kidogo. Habari za macho, klabu za Lions, wenzetu wengine wa kuhudumia jamii, ndio wakongwe wake, maana mwaka 1925 Helen Keller, yule mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alisimama mbele yao mkutanoni akawataka wawe mashujaa wa wasioona, nao hawajaacha hadi leo. Sisi tuliwaiga siku moja, tukawaalika madaktari, mimi nikapangwa mezani kuandikisha wazee. Kuna bibi mmoja nilimpigia kelele nusu saa: "Bibi, sogea! Bibi, siyo huko!" Akaenda, akapimwa, akavikwa miwani, akarudi mpaka mezani kwangu, akaniinamia na kunikagua uso mzima taratibu. "Kumbe ni wewe," akasema. "Kwa ile sauti nilidhani ni mtu mwenye meno yote." Alitoka anasoma vibao vya mlangoni kimoja kimoja, kwa sauti, hata kile cha kukataza kutema mate. Siku ile nilifika nyumbani sijanung'unika, mama watoto akaniuliza kama naumwa.

Lakini mikutano! Rotary walilegeza masharti mwaka 2016, klabu ikikutana mara mbili kwa mwezi inatosha. Nikapendekeza na sisi tuige. Pendekezo likapelekwa kamati ya katiba, na kamati ya katiba hukutana wakati wa chakula cha mchana.

Sasa sikiliza la juzi. Mgeni yule wa historia aliitwa tena. Akaeleza kwamba mwaka 1907 wale wa Chicago walitafuta kazi ya kwanza ya kuifanyia jamii, wakaanza kupigania vyoo vya umma katikati ya jiji. Vyoo! Rais akaruka kama kachomwa sindano, akasema mnaona, na sisi mradi wetu wa vyoo vya shule uko kwenye njia ile ile ya waasisi. Ni kweli uko njiani. Huyu ni Rais wa tatu unamwona unapita.

Kwa kusikia vyoo, vyoo, vyoo, na maji niliyokuwa nimekunywa, nikainuka kimyakimya nikaenda msalani. Sikukaa. Nanawa mikono nikasikia makofi ukumbini, nikadhani wanamshukuru mgeni. Nafungua mlango, watu ishirini wamesimama, wote wananitazama mimi na kutabasamu. Shemeji ndiye aliyekuja kunipa mkono.

"Hongera, mwenyekiti wa vyoo," akasema. "Mimi ndiye niliyelitaja jina lako, na hakuna aliyepinga."

Nyuma yake alikuwa amesimama Sajenti, saa kaikunjulia mkono wa shati, kikopo kifuani. Nilikuwa nimetoka nje dakika tisa bila ruhusa ya kiti.