Majina ya kwetu, vipimo vya kwao

Chikungunya ni neno la Kimakonde. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika kwenye mlipuko wa 1952. Zika ni msitu karibu na Entebbe, 1947. West Nile ni wilaya ya Uganda, 1937. Virusi vitatu vinavyoenezwa na mbu, vyote wazaliwa wa Afrika Mashariki. Ila ukitaka kuona damu ya kuchangia ikipimwa kirusi cha aina hii kila siku kama jambo la kawaida, itabidi upande ndege.

Huku Marekani walijifunza kwa maumivu. West Nile iliingia New York mwaka 1999, na mwaka 2002 ikathibitika kwamba wagonjwa 23 waliipata kwa kuongezewa damu. Kufikia Julai 2003 upimaji ulikuwa umeanza nchi nzima. Kwa kasi hiyo nawavulia kofia.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu anapochangia, hujazwa pia vichupa vya sampuli, na kimoja hupelekwa maabara kuu. Hawatafuti kingamwili, maana aliyeumwa na mbu wiki hii bado hana. Wanatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Kipimo ni ghali, kwa hiyo sampuli 6 au 16 huchanganywa na kupimwa kama moja. Mchanganyiko ukionyesha dalili, kila sampuli hurudiwa peke yake, mfuko wenye kirusi hutupwa, na mwenye damu hupumzishwa kuchangia kwa siku 120.

Kasoro iko hapohapo kwenye kuchanganya. Watu wanane kati ya kumi wanaoambukizwa West Nile hawahisi chochote, wanakuja kuchangia wakicheka, na virusi kwenye damu yao mara nyingi ni vichache. Sampuli ya mtu huyo ikimiminwa pamoja na nyingine 15 safi, ni pilipili moja kwenye sufuria la wali wa shughuli: imo, lakini hakuna anayeionja. Ndiyo maana akigundulika hata mchangiaji mmoja katika eneo, benki ya damu huacha kuchanganya na kupima mmoja mmoja. Waitaliano wanawahi zaidi: mbu, ndege au farasi wa mkoa fulani akikutwa na kirusi, damu ya mkoa huo inaanza kupimwa kabla binadamu hajaugua.

Kila mjadala huu ukiibuka kati yetu tulio nje, kuna anayedai serikali zetu zinunue mashine hizohizo. Sikubaliani naye. Nyumbani mfuko hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na fedha zikipatikana ziende kwanza kwenye kukosekana kwa damu yenyewe: mama anavuja baada ya kujifungua, mtoto ameishiwa damu kwa malaria, ndugu wanazunguka kutafuta wa kuchangia. Tena kidingapopo (dengue) kikilipuka Dar es Salaam, kama 2019, mgonjwa anaweza kuumwa na Aedes, mbu anayekieneza, mchana kweupe akiwa kitandani wodini, chandarua kimefungwa juu. Kipimo cha mfuko hakimfukuzi mbu huyo.

Hata Marekani kwenyewe si kila kitu ni mashine. Malaria wanaizuia zaidi kwa maswali, ndiyo maana aliyekuwa akiishi kwetu huambiwa asubiri miaka 3 tangu aondoke. Usikasirike dirishani, si ubaguzi.

Lakini kukaa kimya nako si jibu. Kidingapopo kupitia damu kimeshathibitishwa Hong Kong na Singapore. Chikungunya iliyotoka Lamu mwaka 2004 ikapita Mombasa na Komoro ilifika Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, na Januari 2006 kisiwa hicho kikasimamisha uchangiaji, kikaagiza chembe nyekundu za damu kutoka Ufaransa bara. Dar nayo ina "Ufaransa" yake ya kuagizia damu: kituo cha damu cha kanda Mbeya, kwenye baridi isiyopendwa na mbu hao. Chembe nyekundu zinavumilia safari, zikikaa nyuzi 2 hadi 6 zinadumu siku 35. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndizo zenye mgogoro, kwa sababu hukaa kwenye joto la chumba na kuisha kwa siku 5, wakati homa ya mchangiaji inaweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza.

Kwa hiyo ningeanza na kikaratasi. Mchangiaji akimaliza soda yake apewe namba ya simu: "Ukipata homa ndani ya siku 14, tupigie." Juu yake iandikwe namba ya mfuko wake, vinginevyo mpokea simu atabaki kumtafuta Juma aliyechangia Jumamosi, na Juma wako kumi. Akishapiga, mfuko utolewe kwenye jokofu siku hiyohiyo. Kama umeshatumika, daktari wa wodi aambiwe. Na simu iwe na mtu hata Jumapili.