Kama Lilivyo, Pamoja na Vilivyomo

Corolla 110 yangu ilinifia Kimara, Dar es Salaam, siku paipu ya juu ya rejeta ilipopasuka na mimi nikajiambia nitafika tu. Sikufika. Nilipochomoa kijiti cha oili kilitoka na chai ya maziwa: gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imeungua, maji na oili vimefunga ndoa. Gari likavutwa hadi nyumbani, likaegeshwa chini ya mwembe kwa muda. Muda ukawa miaka miwili.

Kosa la kwanza nililifanya palepale kwenye mwembe: nilivuta breki ya mkono. Gari la kulala huwekewa matofali kwenye matairi na breki inaachiwa, maana zile za nyuma hushika kutu zikang'ang'ania madramu. Langu baadaye lilitaka nyundo na matusi ya nusu saa ndipo magurudumu yakakubali kuzunguka.

Kosa la pili ni bei. Jirani alikuwa ameuza Corolla ya namna hiyohiyo, inayotembea, kwa shilingi milioni 5.5. Nikachukua kalamu. Seti ya gasketi 150,000. Kuchonga hedi 60,000. Rejeta 180,000. Ufundi 250,000. Oili na kuluenti 100,000. Betri 160,000. Matairi manne 440,000. Kioo cha nyuma na breki 200,000. Jumla 1,540,000. Nikatoa kwenye ile ya jirani, nikatangaza milioni 3.9: "Haliwaki, kasoro ndogo tu."

Wakapiga simu watu wengi, na wote wakawa na swali moja: kama ni ndogo, mbona hujatengeneza?

Dalali mmoja mzee akaja, akalizunguka gari mara mbili bila kuligusa, kama anayetazama maiti asiyemfahamu. "Bosi," akasema, "wewe umetoa gharama za fundi. Hujatoa gharama za woga." Akanieleza: mnunuzi wa gari lisilowaka hapigi hesabu ya gasketi, anapiga hesabu ya injini nzima. Hedi ikiwa imepasuka, anatafuta injini ya mtumba, milioni 1.3 iondoke. Halafu anataka faida yake, hata 800,000, maana atakayetoka jasho ni yeye. Halafu gari la kuvuta, 120,000. Ukifika hapo, milioni 3.9 imebaki 1.68. "Na chini yake kuna sakafu," akaongeza. Sakafu ni chuma chakavu: kilo mia tisa hivi kwa 700, yaani laki sita na kidogo. Anayekupa chini ya hapo anakutukana, mfukuze.

Ushauri wake wa mwisho ndio ulionisaidia: punguza woga, bei itapanda yenyewe. Tukachomoa plagi zote nne, tukaweka spana namba 19 kwenye bolti ya puli ya krenki, injini ikazunguka laini. Haijakwama. Nikairekodi kwa simu. Ile oili ya chai tuliiacha ndani, kwa sababu ukiimwaga mnunuzi mjanja ataona oili mpya na atajua unaficha kitu. Tangazo jipya likasema yote: lilichemka, gasketi imeungua, hedi haijafunguliwa, breki za nyuma zimeshika, kadi halisi ya gari ipo. Nikakagua na madeni ya trafiki, nikakuta faini ya 30,000 niliyokuwa nimeapa nimelipa. Nikailipa.

Akaja fundi wa Mbagala. Milioni 1.7, mkononi.

Mkataba niliuandika mwenyewe, wakili akabaki na kazi ya kugonga mhuri tu. Nikaona busara kuongeza maneno machache, kwa sababu butini mlikuwa na majerikeni, ndoo za rangi na makapeti yaliyooza, na sikutaka kulipa mtu wa kuzoa. Basi nikaandika: "Gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake." Kifungu kilinipendeza hadi nikakisoma kwa sauti.

Alhamisi fundi akaja na gari la kuvuta. Akainua mlango wa buti. Buti likamjibu: "Kwekwekwe!"

Alikuwa kuku wa mama mkwe. Kuku mwenyewe katoka Singida, kapakatwa kwenye basi siku nzima, na kwa wiki mbili na ushee tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ameliwa na kicheche. Kumbe alipitia pale kwenye kioo kilichokosekana, akajenga juu ya makapeti yangu, na chini yake pana mayai kumi na moja.

Mama mkwe akaja mbio, akachukua yai moja, akalimulika kwa tochi ya simu. Giza tupu, isipokuwa kijinafasi cha hewa upande ule butu. "Siku kumi na nane," akatangaza. "Bado tatu. Mkiyatikisa mnaua."

Nikamgeukia fundi, nikacheka kile kicheko cha kuombea. Yeye akatoa mkataba mfukoni, akausoma polepole. "Vyote vilivyomo, mzee."

Akataka 50,000 anirudishie. Mimi, mwenye milioni 1.7 mfukoni, nikaona haya kununua kuku wa nyumbani kwangu kwa bei ya mbili. Nikampa 20,000. Akakataa. Nikamwambia basi chukua, yatakufa njiani hayo. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu wakati nasema hivyo.

Akafunga buti kwa kamba, akaacha upenyo wa hewa, akamwambia dereva aende taratibu, mashimo ayakwepe. Corolla yangu haijawahi kuendeshwa kwa heshima namna ile. Kuku hakuinuka.

Jumapili jioni simu ikaita. "Mzee, wametotolewa tisa. Mama yao mzima." Nikaangalia upande wa jikoni, ambako siku tatu nilikuwa napakuliwa ugali mtupu. Nikamuuliza: wote kumi, bei gani?

"Laki moja."

Nikaanza: fundi, vifaranga wa siku moja hao, nusu yao hawafiki mwezi, mwewe wapo, kideri kipo...

"Mzee," akanikata, "nauza kama walivyo. Mahali walipo. Nauli ya Mbagala juu yako."