Nishani ya Sajini wa Stoo

Nimewahi kuishika mkononi mara moja tu, nyumbani kwa rafiki yangu mjini Tabora, ambako imehifadhiwa ndani ya kopo la ugoro na kuviringishiwa kipande cha kanga. Ni kiduara cha fedha ambacho upana wake unazidi kidogo sentimita 3.5. Upande mmoja ameketi yule mama mwenye kofia ya vita na mkuki wa meno matatu, ambaye Waingereza humchora kuwa sura ya nchi yao, na amezungukwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya “Kwa Mungu na Dola”. Chini yake pameandikwa “Kwa Utumishi Uliotukuka”. Utepe ni wa rangi ya waridi na kingo zake ni za kijivu, na katikati unapita mstari mwingine wa kijivu, ambao ndio unaoonyesha kwamba aliyetunukiwa alikuwa mwanajeshi, si raia. Ukingoni zimechapwa nambari ya jeshi, cheo na jina la babu yake rafiki yangu, sajini wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyetunza stoo wakati wa vita vya Burma.

Hiyo ndiyo Nishani ya Dola ya Uingereza, maarufu kwa herufi BEM. Ilianza kutolewa kwa ajili ya utumishi mwaka 1922, na mwezi Machi 1993 Waziri Mkuu John Major alitangaza kwamba Uingereza ingeiacha. Sababu yake ilikuwa nzito, nami siipuuzi. Kwa kazi za aina moja, ofisa alikuwa akipewa MBE, heshima iliyo juu ya BEM, na kuhesabiwa kuwa mwanachama wa jumuiya ya heshima ya Dola, ilhali sajini au koplo alipewa BEM, ambayo haikumwingiza katika jumuiya hiyo. Tena ofisa alialikwa kwenye kasri la kifalme, na mwenzake akavishwa nishani na mkuu wa kikosi au mwakilishi wa mfalme. Ubaguzi huo wa vyeo ulistahili kukomeshwa.

Hata hivyo, naamini dawa iliyotumika ilikosa mahali penye ugonjwa. Mageuzi hayohayo yalifuta pia nishani za ushujaa za askari wa vyeo vya chini, na Msalaba wa Kijeshi, uliokuwa wa maofisa na maofisa wateule, ukawa wa vyeo vyote. Huko hatua hiyo ni ya haki kabisa, kwa sababu risasi haichagui cheo, na tendo la ushujaa la kuruti laweza kupimwa bega kwa bega na la kapteni. Utumishi haupimwi hivyo. Utumishi hupimwa kwa ukubwa wa dhamana, na dhamana hugawiwa kwa cheo. Meja aliyepanga ugavi wa brigedi nzima atakuwa na ripoti ndefu. Sajini aliyehakikisha kwamba hakuna gunia la mchele linaloloa wala tairi linalopotea atakuwa na sentensi mbili, tena zimeandikwa na huyohuyo meja. Ukiwaweka wote wawili mbele ya mlango mmoja wa MBE na kusema kwamba sasa uko wazi kwa kila mtu, unajua mapema ni nani atakayetangulia kuingia.

Nikiitazama nishani ile naikumbuka Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka katika Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya Burma, ikiwafuata Wajapani hadi Kalewa, huku barabara ikigeuka tope lililomeza malori. Jeshi la namna hiyo haliendi kwa bunduki peke yake. Linaendeshwa na madereva, wapishi, mafundi, wabeba machela na watu wa stoo. Na katika Keya ya wakati huo Mwafrika hakupewa kamisheni ya uofisa, hata angekuwa hodari kiasi gani, kwa hiyo BEM ilikuwa miongoni mwa heshima chache sana za utumishi ambazo mkono wake ungeweza kuzifikia. Ndiyo, ilikuwa heshima ya dola iliyomtawala, na neno “Dola” pale juu linanichoma hadi leo. Lakini uchungu huo ni wa jina na wa utawala. Kazi iliyofanywa na yule sajini ilikuwa yake mwenyewe.

Kinachonisikitisha zaidi ni yaliyotokea mwaka 2012. Serikali ya David Cameron iliirudisha BEM, ikaitoa tena kwa raia wanaojitolea katika vitongoji na vijiji vyao, na upande wa wanajeshi ukaachwa umefungwa. Ikiwa ilionekana kwamba mama anayewapikia wazee wa kijiji chake kwa miaka 20 anahitaji nishani yake, isiyomlazimu kushindana na wakurugenzi, sioni ni kwa hoja gani koplo wa karakana ananyimwa heshima ya namna hiyo. Upande huo nao ufunguliwe, na ikiwezekana kwa jina lisilotaja dola yoyote.

Siku ile rafiki yangu alimwita binti yake, akampa nishani na kumwambia aisome ukingoni. Yule mtoto aliizungusha polepole karibu na dirisha, akaruka nambari, akasoma cheo, kisha akalitamka jina la babu wa baba yake, ambalo pia ni jina la kaka yake.