Maji Haya Yana Bili

Daktari aliniambia ninywe maji mengi. Hakuniambia nikayanywe Ulaya.

Tumeketi mkahawani Roma, mimi na mama watoto, miguu imevimba kwa kuzunguka. Menyu hatujaifungua, mhudumu huyu hapa: "Naturale o frizzante?" Nikamtazama mke wangu, mke wangu akaitazama taa. Kumbe aliuliza maji ya kawaida au ya gesi. Ya bomba hayakutajwa kabisa, na bomba la Roma linatoa maji safi ya kunywa! Nikajibu "frizzante" kwa sababu ndilo neno la mwisho nililosikia.

Funda la kwanza likapanda puani. Machozi yakanitoka, mhudumu akadhani nimeguswa na uzuri wa mji. Nikanywa hadi tone la mwisho hata hivyo, maana chupa ilikuwa euro 3, na mimi kilicholipiwa sikiachi mezani.

Bili ikaja. Chini ya mstari wa maji kuna kitu kinaitwa coperto, euro 2 kwa kila kichwa. Ndiyo nini? Nikaelezwa kwa upole kwamba ni ya kitambaa cha meza, uma, kisu na mkate. Yaani ya kuketi! Nikauliza: basi huu uma sasa ni wangu? Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza, uleule uliovimba.

Ufaransa nilikwenda nimejiandaa. Huko sheria inawataka wakupe maji ya bomba bure unapokula, ila ukisema "maji" tu unaweza kuletewa chupa yenye bei. Sharti useme "une carafe d'eau", jagi la maji. Nililikariri mbele ya kioo kama mtoto wa madrasa usiku wa kuamkia mtihani.

Ujerumani sitaki hata kuizungumzia. Haya, kidogo tu. Ukiomba ya bomba unatazamwa kama umeomba kulala jikoni kwao. Na wana sheria ya mikahawa inayosema lazima kiwepo angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi ambacho bei yake haizidi ile ya kilevi cha bei ya chini kabisa. Sheria nzima! Mambo yalikuwa yamefika wapi hadi serikali ikaingia kati ya mtu na kiu yake? Tena hawakusema kinywaji hicho lazima kiwe maji.

Halafu maji yakishanywewa hayakai. Ukiyasindikiza msalani unakuta kisahani cha sarafu mlangoni, senti 50, na mama ameketi jirani nacho anakuangalia mkono. Kuyaingiza nimelipa, kuyatoa nimelipa. Nimegeuka bomba: maji yanapita, mita inasoma.

Marekani nilidhani nimefika peponi. Hujasalimia, bilauri ya barafu iko mezani, maji yamebanwa pembeni. Ukipunguza, inajazwa. Bure! Nilijaziwa mara 4 kwa tabasamu lilelile. Kisha ikaja habari ya bahashishi, asilimia 15 hadi 20 ya bili. Wanasema ni hiari. Hiari gani, wakati sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu mshahara wa dola 2.13 kwa saa, akitegemea bahashishi zijazie pengo? Mtu amekujazia bilauri mara 4, utamtazamaje usoni? Nikalipa. Yale maji ya bure hadi leo ndiyo ghali kuliko yote niliyowahi kunywa.

Shemeji yangu anajisifu na Japani yake: maji bure, kitambaa cha kufutia mikono bure, bahashishi hawataki. Anasema aliacha sarafu mezani, akakimbizwa barabarani hadi akainua mikono. Kumbe anarudishiwa chenji yake.

Lakini kinachoniuma ni Roma. Tumetoka pale mkahawani, hata kona hatujakata, tukakuta bomba la chuma limesimama barabarani linatiririsha maji baridi. Mabomba haya wenyewe wanayaita nasoni, mapua makubwa, na mjini mna zaidi ya 2,000. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu, unakunywa bila kuinama. Bila chupa, bila kitambaa cha meza, bila uma.

Mama watoto alikunywa, akanawa uso, akaniangalia bila kusema neno. Mimi nilikuwa bado nacheua gesi. Nikasogea ili nami nipate zamu, nikakuta kuna mtu mbele yangu anajaza chupa yake taratibu. Akageuka. Yule mhudumu.