Morrowind ya 2002: bado inachezeka au tunaipamba tu?

Ubishi wa Morrowind hauishi. Mtu akiuliza tu "jamani nimemaliza Skyrim, nirudi nyuma nikacheze na Morrowind?" (Skyrim ni gemu ya baadaye ya mfululizo huohuo) anapata majibu ya aina mbili, wa kwanza anamwambia hiyo ndo RPG (gemu ya kuishi kama mhusika na kumkuza) bora kuwahi kutengenezwa na zote zilizofuata ni za watoto, wa pili anamwambia usipoteze muda wako, ni gemu mbovu inayopendwa na watu walioicheza wakiwa wadogo. Mimi naona wote wawili wanalikwepa swali. Gemu ilitoka 2002, imetengenezwa na Bethesda, ikaja kwenye kompyuta na Xbox mwaka huohuo, ina zaidi ya miaka ishirini sasa. Anayeuliza leo hana kumbukumbu yoyote nayo, anachotaka kujua ni kimoja: nikikaa na hiki kitu, nitapata ambacho sikipati kwingine?

Tuanze na lawama, maana nyingi ni za kweli.

Lawama kubwa ni mapigano. Unaanza kama mfungwa, unashushwa kwenye meli kijiji kinaitwa Seyda Neen, makarani wa serikali wanakuandikisha, unaokota kisu mezani, unatoka zako nje na unakutana na panya. Unamchoma. Kwa macho yako unaona kisu kimepita katikati ya mwili wa panya na hakuna kilichotokea, unachoma tena, hewa, unachoma tena, hewa, panya anakung'ata tu. Watu wengi sana wameifuta gemu hapohapo, na siwalaumu hata kidogo.

Kinachoendelea pale ni hesabu. Kila aina ya silaha ina skili yake, skili ulizochagua kuwa kuu zinaanzia 30, za pili yake 15, na ambazo hukuzichagua kabisa 5 (kuna nyongeza za kabila lako ila tuziache). Gemu inachukua skili yako, inaongeza moja ya tano ya wepesi wako na moja ya kumi ya bahati yako, halafu inazidisha kwa kiasi cha pumzi uliyobaki nayo, pumzi ikiwa imejaa unazidishiwa 1.25, ikiwa imeisha kabisa 0.75. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Mtu mwenye skili ya upanga 30, wepesi 40 na bahati 40 anapata 42, pumzi ikijaa anafika 52 na kitu, yaani pigo moja kati ya mawili linampata adui. Huyu wetu wa kisu ambaye hakuchagua skili ya visu ana 5 jumlisha 8 jumlisha 4, ni 17, na kwa vile amekuja anakimbia njia nzima kama wote tunavyofanya, pumzi imekata, kwahiyo anashuka mpaka chini ya 13 kwa mia. Na hapo bado hujatoa uwezo wa panya kukwepa!

Watetezi wanasema basi jifunze mfumo, chagua silaha moja, tembea badala ya kukimbia ukiona adui yuko mbele, tatizo limeisha. Ni kweli kabisa limeisha, baada ya masaa machache huliwazi tena. Ila kuna kitu wanakiruka: mfumo wenyewe hauna shida, shida ni kwamba gemu haikuonyeshi. Hakuna picha ya panya kuruka pembeni, hakuna ngao inayoinuka, hakuna chochote cha kukwambia "umekosa kwasababu hujui kushika kisu na umechoka". Kete zinarushwa kisirisiri huku macho yako yanakwambia umepiga. Huo ni udhaifu wa utengenezaji, hata 2002 ulikuwa udhaifu, na kuuita "ugumu wa kizamani" ni kuupaka rangi.

Na kuna mengine ambayo hayana utetezi wowote. Cliff racer, wale ndege wa kutisha wanaokufuata kutoka mlima hadi mlima, wanakuja watatu wanne, kila ukipiga hatua muziki wa vita unaanza, hawaongezi kitu zaidi ya kero. Daftari la misheni, kwenye gemu ilivyotoka mwanzo, lilikuwa limeandikwa kwa mfuatano wa tarehe tu, yaani misheni ya chama cha wachawi imeingiliana na ya yule mama aliyepotelewa na mzigo njiani, unafunua kurasa mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini, afadhali Tribunal (nyongeza ya kwanza, mwaka huohuo 2002) ilileta njia ya kupanga kwa misheni. Mfumo wa kupanda levo nao una mambo yake, nguvu unazoongezewa zinategemea umetumia skili zipi tangu levo iliyopita, halafu afya unayopata kila levo inatokana na ustahimilivu ulionao wakati huo na hairudi nyuma kukufidia, kwahiyo anayetaka kuwa imara anajikuta anasimama apigwe na kaa makusudi ili skili ya deraya ipande. Hakuna mtu aliyekaa akaota kucheza hivyo. Na wahusika, ukiacha wachache, ukiwauliza kuhusu mji wao wote wanakupa aya ileile neno kwa neno, mwuza duka, mlinzi, ombaomba, wote, tena wamesimama palepale usiku na mchana.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye nyama.

Morrowind haina mshale. Hakuna dira ya kukuonyesha uende wapi, hiyo ilikuja na Oblivion, gemu iliyofuata, 2006 na Skyrim 2011 ikaendelea nayo. Hapa mtu anakwambia njia kwa maneno, unaenda. Mfano mzuri ni misheni za mwanzo kabisa za stori kuu. Unamtafuta jasusi mzee anaitwa Caius Cosades kwenye mji wa Balmora (utamkuta kifua wazi chumbani kwake, mkuu wa majasusi wa himaya kisiwa kizima hana shati), na yeye kwanza anakupa hela kidogo na kukushauri nenda kajiunge na chama chochote, tafuta uzoefu, utarudi ukiwa tayari. Fikiria, stori kuu inakwambia yenyewe haina haraka. Ukirudi anakutuma kwa mtu mwingine ambaye anataka kasha dogo la kale kutoka magofu yanaitwa Arkngthand. Unaelekezwa: toka mjini, pita upande wa ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la kale linalovuka bonde. Unafika, unakuta mlango wa duara umefungwa na hakuna tundu la ufunguo. Unazunguka, unatafuta, unakuja kugundua kuna bomba limetokeza mwambani lina mpini, unauzungusha, mlango unafunguka. Ndani ni giza, kuna majambazi, na kasha lenyewe limekaa kwenye shelfu, dogo kiasi kwamba watu kibao wanalipita wanaenda kuhangaika vyumba vya mbele.

Kwenye gemu yenye mshale hiyo misheni ingeisha dakika chache na usingekumbuka hata jina la mahali. Hapa unaijua barabara, unalijua daraja, unajua ukishuka vibaya pale unaishia bondeni na utazunguka upya. Baada ya wiki kadhaa za kucheza kisiwa cha Vvardenfell unakijua kichwani kama mtu anayeishi huko, na hicho ndo kitu ambacho sijakiona kwa Skyrim pamoja na uzuri wake wote, kule najua dira, mlima ni kitu kilichokaa kati yangu na alama. Najua maelekezo mengine ya Morrowind ni ya hovyo, mengine yamekosewa kabisa, unaambiwa mashariki kumbe sio, hapo hasira zako ni halali. Lakini hata ukipotea unapotelea mahali penye kitu, pango, kaburi la ukoo, mchawi aliyekwama.

Kitu cha pili ni kwamba gemu inakuamini, wakati mwingine kupita kiasi. Ukitoka Seyda Neen kuelekea kaskazini kuna jamaa anaanguka kutoka angani huku anapiga kelele, anatua, anakufa. Mfukoni ana kitabu cha maelezo na karatasi tatu za uchawi wa kuruka, kila moja inakuongezea pointi 1000 za kuruka kwa sekunde 7. Usipofikiria utasoma moja, utaruka nusu kisiwa, uchawi utaisha ukiwa bado juu na utakufa kama yeye. Ukifikiria, unasoma ya pili kabla hujagusa chini. Hakuna anayekwambia. Ni hivyo gemu nzima, kuna viatu vinakupa mbio za ajabu ila vinakupofusha kabisa, mpaka ushtuke kwamba ukijikinga na uchawi kwa 100 kwa mia wakati unavivaa upofu haukushiki, mbio zinabaki. Wachawi wa ukoo wa Telvanni wanaishi kwenye minara ya uyoga ambayo haina ngazi ndani, huwezi kuelea basi huonani na mkubwa. Na uwezo wa kuelea wenyewe ukaondolewa kuanzia Oblivion na haujarudi. Ukitengeneza dawa za kuongeza akili, ukazinywa, ukatengeneza nyingine kwa hiyo akili mpya, ukarudia, namba zinapasuka na unakuwa mungu mchana kweupe. Hiyo ni kasoro au uhuru? Nadhani ni vyote, na mimi naichukua hivyohivyo.

Hata kuua. Ukimuua mhusika muhimu gemu inakupa ujumbe kwamba uzi wa unabii umekatika, rudi kwenye sevu yako ya zamani au endelea kuishi kwenye dunia uliyoiharibu. Inakuachia uamue. Na kuna njia ya nyuma ya kumaliza stori kuu hata baada ya hapo, kupitia mtu wa mwisho aliye hai wa Dwemer, jamii ya kale iliyotoweka, ngumu na imefichwa, lakini ipo. Skyrim wale wa muhimu wanapiga goti, wanapumzika, wanainuka.

Stori yenyewe siielezi sana, niseme tu kwamba sio ya shujaa anayekuja kuokoa watu wanaomsubiri. Wewe ni mgeni, wenyeji Dunmer wanakuita mgeni kwa dharau, kisiwa kiko chini ya himaya, ukoo unapigana na ukoo, kuna biashara ya watumwa na kuna watu wanaoipinga chini kwa chini, halafu unaambiwa unafanana na mtu wa kwenye unabii. Kama ni wewe kweli au himaya imekuchonga ili ufanane, gemu haikujibu moja kwa moja mpaka mwisho. Ila haya yote ni maandishi, maandishi mengi mno, sauti ni salamu na vijembe tu. Asiyependa kusoma gemu hii itamchosha kuliko yule panya.

Kuna hoja ya tatu watu wanaileta siku hizi, kwamba shida zote zinatibika kwa modi, yaani marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe. Nusu kweli. OpenMW, injini mpya ya bure iliyojengwa na watu wa kujitolea (inabidi uwe na faili za gemu halisi), inafanya kazi kwenye Linux na Mac pia, haizimikizimiki hovyo, hiyo iweke bila kujiuliza. Modi za kufanya kila pigo lipate zipo. Lakini jihadhari na ile ya kuondoa ukungu. Gemu ya asili unaona mbali kidogo tu kisha ukungu mzito, unaudhi, ni kweli, ila ukiutoa wote unasimama juu ya kilima unaona mji ambao ulidhani ni safari ya siku nzima, kisiwa kinasinyaa papo hapo. Mimi nasogeza ukungu kidogo, siufuti. Mbio za mwanzoni nazo hivyohivyo, uko taratibu mno hadi inakera, lakini ule utaratibu ndo unaofanya kupanda silt strider, yule mdudu mkubwa wa usafiri, kuwe na maana.

Kwahiyo kwangu jibu ni ndiyo kwa anayependa kusoma, kupotea na kuchunguza, na hapana kwa anayetafuta mapigano mazuri, huyo asijidanganye kwamba itakuja kunoga huko mbele, haitanoga. Na wanaosubiri irudiwe kama Oblivion ilivyorudiwa 2025, sawa, ila wajue Oblivion ilikuwa na mshale tayari. Morrowind ukiiwekea mshale inabidi uandike misheni upya, na usipouweka wanunuzi wapya watalia.

Kama bado unasitasita, jipe mpaka lile kasha la Arkngthand. Chagua silaha moja iwe skili kuu, usikimbie kila mahali, fuata maelekezo bila kufungua ramani ya mtandaoni. Ukilipata na ukajiona mjanja, endelea, una miezi ya kucheza mbele yako. Ukilipata na bado unaona umesumbuliwa bure, futa tu bila aibu, maana misheni zilizobaki ni hivyohivyo, tena ndefu zaidi.