Ndiyo, ni njia ya watoto na wazee

"Tuta la reli ya zamani halihesabiki. Hiyo ni njia ya watoto na wazee." Maneno hayo kayasema shemeji yangu mezani, wali umeshapakuliwa, mbele ya mama mkwe ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka bonde la Eyrieux, huko Ardèche, kusini mashariki mwa Ufaransa, ambako tuta la reli iliyofungwa limegeuzwa njia ya baiskeli, uso umeiva kwa jua, na hana habari nyingine ya kuzungumza. Mama akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniudhi. Mwanamke amepita miaka sabini, baiskeli kajifunza ukubwani, kapanda milima ya Ardèche kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, halafu anaambiwa hakufanya kitu.

Mezani nilimjibu shemeji kwa ufupi, maana kulikuwa na wageni. Hapa nitamjibu kwa kirefu.

Shemeji ana mapafu, ana mapaja, ana baiskeli nyepesi yenye matairi membamba, na hana woga. Bonde lile analijua kwa barabara ya D120. Nami naijua. Upande mmoja jabali, upande wa pili ukuta mfupi wa mawe, mto uko chini, na kona hazikatiki. Ukifika msimu wa likizo, magari ya kambi yanakuandama nyuma yakitafuta upenyo. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva aliye nje ya mji amwachie mpanda baiskeli mita moja na nusu anapompita. Kwenye kona zile mita hiyo na nusu yake itatoka wapi? Dereva mwungwana atakufuata taratibu, nawe utasikia injini yake mgongoni mpaka usahau kwamba kuna mto. Asiye mwungwana atapita hivyo hivyo.

Shemeji anayaweza hayo. Nampongeza, na nasema bila kinyongo. Lakini hawezi kugeuza ujasiri wake kuwa kiingilio cha watu wote.

Tazama sasa walichotuachia wajenzi wa reli. Treni ya Vivarais (jina la kale la Ardèche) ilianza kupita bonde la Eyrieux mwaka 1891, kutoka La Voulte kando ya mto Rhône hadi Le Cheylard, na kufikia 1903 ilikuwa imeshapanda hadi Saint-Agrève na kuunganishwa na Lamastre ng'ambo ya mlima. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, sawasawa na reli ya kati ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Injini ya mvuke ya aina ile haikuweza kuparamia mlima. Kwa hiyo wahandisi wakaufuata mto pinda kwa pinda, wakachonga ubavu wa mlima, wakajenga madaraja ya mawe yenye matao juu ya makorongo, na mwinuko hawakuuacha uzidi takriban mita tatu kwa kila mita mia. Kipimo kilichowekwa ili injini ndogo ivute mabehewa ndicho kinachoyafaa magoti ya mama mkwe leo.

Na milima haikupunguzwa. Hapa nataka shemeji anisikilize vizuri. La Voulte iko kwenye mita mia moja hivi juu ya usawa wa bahari. Le Cheylard iko kwenye mita 430 hivi. Saint-Agrève imepita mita elfu moja. Uende kwa D120 uende kwa tuta, mwili wako umeinuliwa zaidi ya mita mia tisa, na hakuna aliyekuinua ila wewe. Tuta limeurefusha mpando tu, likaugawa kidogo kidogo katika siku nzima, au siku mbili kwa asiye na haraka. Baada ya Le Cheylard utauhisi. Hautakukata pumzi, lakini haukupi pa kupumzika pia: saa ya kwanza, saa ya pili, unakanyaga gia ileile, huku bonde linazidi kuzama chini yako. Aliyefika Saint-Agrève kwa namna hiyo amepanda mlima, na asiambiwe vinginevyo.

Lakini hata hilo la mwinuko si kubwa kama hili la magari. Tunapozungumza nani anapanda baiskeli na nani hapandi, tunataja nguvu, tunataja umri, tunataja bei ya baiskeli. Ukiwauliza wanawake ninaowajua mimi hapa Lyon, wengi wao mama zetu na dada zetu waliokuja ukubwani, watakutajia gari. Wanaogopa gari, na wana haki. Mtu akiogopa, safari yote inahamia kwenye masikio yake: anasikiliza kinachokuja nyuma. Hatazami kitu. Hazungumzi na mwenzake kwa sababu lazima wafuatane mmoja nyuma ya mwingine. Mtoto akiyumba kidogo anapigiwa kelele, "Kaa kulia! Kaa kulia!", mpaka mtoto mwenyewe achukie baiskeli.

Kwenye tuta lile mtoto anayumba. Anasimama ghafla kumtazama mjusi juu ya jiwe, na hakuna moyo unaopasuka. Watu wawili wanakwenda bega kwa bega wakipiga soga kama wako barazani. Mama mkwe, ambaye mjini hashuki kutoka kwenye njia ya waenda kwa miguu hata umsihi vipi, kule alitangulia mbele na kutuacha. Nilimwona mgongo wake tu, mtandio umefungwa chini ya kofia ngumu, anaingia kwenye kona na kupotea, nami sikuwa na hofu naye hata chembe. Sijawahi kuwa na amani hiyo nikiwa naye barabarani, popote pale.

Hilo ndilo ninalolipigania. Milima ya Boutières, inayolizunguka bonde hili, haikuumbiwa vijana wenye mapaja peke yao. Magari yalipolichukua bonde, yaliwatoa watu wengine wote nje, na tuta la reli limewarudishia mahali pao. Ukiliita "njia ya watoto na wazee" umelisifu kwa sifa kubwa kuliko zote, na lisemwe kwa sauti, lisemwe kwa heshima.

Tena bonde lenyewe linadai mwendo wa polepole. Chini kuna bustani za mipichi. Ukipanda unaingia kwenye miti ya chestinati (aina ya njugu za kula), iliyooteshwa juu ya matuta ya mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji, ukuta juu ya ukuta mpaka kileleni, na watu waliokuwa wakulima maskini mno. Kando ya maji kuna viwanda vya kale vya kusokota hariri, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na wasichana wa vijijini. Na mtandao huohuo wa reli uliendelea mbele ya Saint-Agrève hadi Le Chambon-sur-Lignon, kijiji ambacho wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na vijiji jirani, kiliwaficha Wayahudi na wakimbizi wengine, wakiwemo watoto wengi. Wengi wao walishuka kwenye hiyohiyo treni ndogo. Ukilijua hilo, hutaona jengo la stesheni kwa macho yaleyale.

Kuna hoja moja ya shemeji ambayo sina budi kumpa, ingawa naitoa kwa shida. Alisema: "Mnashangilia kaburi la treni." Treni ya Vivarais ilifungwa mwisho wa Oktoba 1968. Miaka michache baadaye, 1973, treni za abiria zikaondolewa pia kwenye ukingo wa kulia wa Rhône, na tangu hapo Ardèche imebaki wilaya isiyo na treni ya kawaida ya abiria. Mzee wa Le Cheylard anayetaka hospitali kubwa ya Valence hawezi kufika kwa uzuri wa njia ya baiskeli. Hilo ni kweli na linauma. Siwezi kumwambia mzee huyo afurahi kwa niaba yangu.

Lakini reli ikishafungwa, kuna jambo moja la kuamuliwa, nalo halina muda mrefu: tuta libaki mikononi mwa umma au likatwe vipande. Ardhi ikiuzwa kipande hapa kipande pale, hairudi tena, si kwa baiskeli wala kwa treni. Bonde la Eyrieux limesalimika kwa kuwa kilomita tisini hivi za tuta zimeunganishwa na kubaki njia moja. Kwetu Tanzania, reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ile ya mpango wa karanga wa wakoloni Waingereza, ilifungwa 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Kila nikipita juu ya daraja la mawe kule Ardèche huwa nalikumbuka tuta lile la kusini na wale wanaofunga safari kwa baiskeli pembeni ya malori.

Na wanaonung'unikia baiskeli za umeme, wawaache wenye nazo. Wengi bila hizo wangebaki nyumbani. Anayekimbia karibu na watoto apunguze mwendo, basi.

Mama ameshasema anataka kurudi vuli, chestinati zikianguka, na safari hii afike Lamastre. Mnaotaka kuongozana naye, shukeni kwenye stesheni ya Livron, maana La Voulte hakuna treni ya abiria. Mtavuka Rhône na kuingia La Voulte, ni mwendo mfupi. Njooni na matairi mapana kidogo, njia ni ya changarawe iliyoshindiliwa, na taa kwa ajili ya mahandaki. Treni za mkoa zinachukua baiskeli, ila nafasi ni chache, kwa hiyo msije wote kwa treni moja.